Kuku wa Wageni wa Mama

Enzi zetu huko juu ya Kimilili, barabara ya mlimani ilipitiwa na greda wakati mmoja tu: mkubwa fulani alipokuwa anakuja kuhutubia. Sisi wanafunzi tulipaka mawe chokaa kando ya barabara, kisha tukapangwa juani kuimba mpaka koo zikakauka. Watoto wa siku hizi wakisimama foleni dakika tano, wanataka kuzirai.

Mimi niliimba kwa moyo, maana mama alikuwa na vyumba vitatu vya kulaza watalii waliokwenda kuona mapango ya ndovu. Greda likipita, wazungu walifika, nasi tulikula mkate wenye siagi. Mvua ikiharibu barabara, vyumba vilikaa bure, na mama akatishia kuvigeuza ghala la mahindi. Nililichukia sana neno hilo, ghala.

Mwaka mmoja shilingi ilianguka. Wageni wakaona kila kitu rahisi, huku sisi tukinywa chai bila sukari. Mholanzi mmoja, mwanamke mrefu, alilala kwetu siku mbili. Asubuhi ya kupanda mlima, mama akamkabidhi kuku mzima, miguu imefungwa kamba.

“Mama, huyu si anapanda mlima?” nikanong'ona.

“Sasa mgeni atoke kwangu mikono mitupu? Si watu watanicheka, bana!”

Siku tatu baadaye Mholanzi akarudi, matope mpaka magotini, kuku kwapani, mzima kabisa. Hata alikuwa amempa jina. Tulicheka mpaka machozi. Alisimulia huko kwao, na waliokuja baada yake walikuwa wakiuliza kwanza kuku wao yuko wapi.

Kisha vurugu zikazuka mlimani, serikali ikakawia kuzituliza, na wageni wakakatika. Mama alipomwaga gunia la kwanza la mahindi chumbani, nililia.

“Nyamaza. Wageni hawaogopi mlima,” akasema. “Wanaogopa tope na bunduki. Hizo zikiisha, watarudi.”

Walirudi. Leo kuna lami, mlima umetulia, vyumba ni saba, na mimi ndiye mwenye funguo. Wanangu wanasema wageni wanataka intaneti tu. Waache waseme. Lami ni ya serikali, na bei ya dola sijui huamuliwa na nani. Kuku ni wangu. Mama hayupo tena, na ninamkumbuka zaidi asubuhi wageni wanapofunga mizigo, nami niko bandani nimeinama, natafuta jogoo anayeweza kupanda mlima.