Siku Norris Petch Alipopanda Kuokoa

Aubrey Tunnicliffe alikuwa amekata miti ya watu mjini Ludlow kwa miaka thelathini na moja, kama baba yake na babu yake, na hakuna tawi lake hata moja lililowahi kuvunja kioo cha mtu. Hilo kwake lilikuwa jambo la kawaida. Alichojivunia ni nembo ya chama cha wakata miti, iliyobandikwa ubavuni mwa gari chini ya jina la ukoo. Bila nembo ile halmashauri haikupi kazi, na kampuni ya bima inakutazama kama mlevi.

Mwezi Mei, mkaguzi wa chama, Bwana Lomax, alikuja kuamua kama nembo ibaki. Walikutana bustanini kwa Bibi Venables, chini ya mwaloni uliohitaji kupunguzwa. Aubrey alimkabidhi majalada manne: hatari za msumeno, hatari za ngazi, hatari za nyigu, na hatari za kumwagikiwa chai ya moto. Lomax alisoma saa mbili. Mti hakuutazama.

"Bima yenu haisimami bila mwokoaji chini ya mti," alisema. "Ni nani?"

"Shemeji yangu, Norris Petch. Cheti anacho."

Kweli alikuwa nacho. Siku ya mafunzo mvua ilinyesha, basi wakafundishwa ndani ya ukumbi wa shule. Sanamu la mazoezi lilining'inizwa usawa wa kifua, na Norris akaliokoa bila kunyanyua kisigino. Tangu hapo kila kazi aliomba abaki na mashine ya kusaga matawi, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

"Vizuri. Bwana Tunnicliffe, panda, kisha uzimie."

Aubrey akakwea mita kumi, akajilegeza kwenye kamba zake, akazimia kwa adabu.

"Shemeji!" Norris aliita kutoka chini. "Umezimia sana au kidogo?"

"Sana. Panda!"

"Majeruhi hazungumzi," Lomax alikumbusha.

Norris akapanda. Kwenye mita ya tatu alilikumbatia shina kwa mikono na miguu, akafumba macho. "Siendi juu, siendi chini. Mwambieni dada Hilda mbwa wangu amchukue yeye."

"Petch, huoni aibu?" Bibi Venables alipaza sauti, sahani ya biskuti mkononi. "Paka wangu hulala hapo!"

Aubrey aliendelea kuzimia dakika nzima, kwa kuheshimu utaratibu. Kisha akateremka, akamfunga Norris kwenye mkanda wake, akamshusha polepole hadi kwenye majani.

Lomax alitazama saa, akajaza fomu. "Mtu ameshushwa salama? Ndiyo. Mwokoaji ana cheti? Wote mnavyo. Mmefaulu, hongereni. Fomu haiulizi nani kamshusha nani."

Aubrey alilitazama gari lililosimama barabarani. Akajiona akilini yuko juu ya mti, damu inamtoka kweli, na Norris amekumbatia shina.

"Andika kwamba majeruhi ndiye aliyemwokoa mwokoaji."

"Hakuna nafasi ya kuandika hivyo."

"Andika pembeni."

"Nikiandika, nembo inaondoka."

"Iondoke. Jina la babu yangu halikai juu ya uongo."

Aliibandua mwenyewe jioni ile, kwa maji ya moto na kisu cha siagi, majirani wakichungulia nyuma ya mapazia. Kazi za halmashauri zilikwenda kwa kampuni nyingine, yenye nembo mbili.

"Umemfedhehesha kaka yangu," mkewe, Hilda, alimwambia.

"Kaka yako mzima, mke wangu. Na mimi ningependa kubaki mzima."

Ila Jumapili iliyofuata, walipotoka kanisani, Hilda alimpeleka Norris kwenye mpeasi wa nyuma ya nyumba, akampa kofia ngumu, akamwambia hapati nyama ya kuoka mpaka apite mita ya nne. Sasa amefika ya saba. Hulia njia nzima, lakini hukwea, na Lomax amekwisha kuandikiwa barua arudi Machi.