Fimbo ya Mbuni

Agripina wa Ntobeye alikuwa mwanamke wa kazi, na mwanamke wa kazi hapendi mtoto wa kubembelezwa. Tusimwonee, ndivyo alivyolelewa. Alikuwa na migomba, kahawa kidogo, maharage ya misimu miwili, mume aitwaye Gaspari ambaye siku nyingi za wiki alikuwa Kabanga akiuza ndizi, na mtoto mmoja tu aliyebaki hai, Domisiana.

Domisiana alikuwa na yake. Hakutazama mtu usoni. Kinu kikisogezwa hatua mbili kutoka kilipokaa jana, atakirudisha, hata kama wewe bado unatwanga. Kelele zilimtesa. Malori ya chakula cha wakimbizi yalipopita barabarani, aliziba masikio na kujikunja. Lakini litania ya watakatifu aliijua yote, jina kwa jina, na aliisema akienda kuchota maji, huku akijiitikia mwenyewe, "utuombee, utuombee." Wengine walisema amelogwa, wengine wakasema ni mtoto wa Mungu. Jina la hali ile hakuna aliyelijua, hata zahanati. Agripina alisema, "Ni wangu," akaishia hapo.

Mwaka wa tisini na tano, akiwa darasa la pili, asubuhi moja Domisiana alikataa shule. Alikwenda kwenye kihenge cha maharage nyuma ya nyumba, akakumbatia nguzo yake, akang'ang'ania. Mama yake akambembeleza, akamkaripia, akamvuta. Wapi! Basi akakata kijiti cha mbuni kwenye kahawa yake, akaking'oa majani, akamchapa miguuni mpaka mikono ikaachia. Kisha akakichomeka kijiti kwenye nyasi za paa, juu ya mlango, kingojee kesho. Kesho yake kikapata kazi, na kesho kutwa pia. Wiki tatu nzima ikawa nguzo, fimbo, shule.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," aliwaambia majirani waliochungulia. Nao wakaitikia, ndiyo mama, kaza hapo hapo. Methali ni tamu sana mdomoni mwa asiyechapwa.

Siku moja Agripina alipeleka mchango wa maharage shuleni, shule ambayo jina lake tuliache. Nyuma ya darasa alisikia ngoma na vicheko, akatabasamu, akadhani ni michezo. Akazunguka. Lo! Watoto kama ishirini wamefanya duara, kila mmoja na mkebe mtupu wa mafuta ya msaada, ile mikebe waliyoagizwa waje nayo kumwagilia miche. Wanaipiga kwa vijiti, karibu kabisa na masikio ya Domisiana. Yeye yuko chini, amejikunja, anapiga mayowe, na kila akipiga mayowe wao wanazidisha. Msichana mmoja alikuwa anapiga mkebe wa Domisiana mwenyewe, ule ambao Agripina aliupata kwa ndizi kwenye kambi ya wakimbizi.

Alimbeba mgongoni hadi nyumbani, mtoto wa miaka tisa. Fimbo akaitia motoni kabla hata ya kukaa. "Sikupeleki tena, mwanangu. Nisamehe."

Domisiana hakujibu. Hakujibu siku ile, wala wiki ile, wala mwezi ule. Litania ilinyamaza. Na hakulia, jamani, hata alipojikwaa ukucha ukang'oka. Lakini kila asubuhi, saa ile ile ya shule, alikwenda akaishika nguzo kwa mikono miwili mpaka jua lipande juu ya migomba. Agripina alimwambia mara mia kwamba hakuna shule. Alitaka kitu kimoja tu duniani, asikie tena sauti ile, hata neno moja.

Asubuhi moja alikuwa akimbandua vidole kwenye nguzo, kimoja kimoja, kwa upole, Havyarimana akamwona. Huyu alikuwa mkimbizi kutoka Burundi aliyekuja kulima kibarua, na kwao alikuwa mwalimu.

"Mama Domisiana, mwache," akasema. "Hata kambini tunao watoto walionyamaza. Neno halitoki kwa kuvutwa. Usimtoe kwenye nguzo. Nenda ukashike na wewe."

"Nishike nguzo, mimi? Majirani watasema nini?"

"Si ndio hao waliokwambia kaza?"

Akashika. Kila asubuhi, jembe likingoja, mama upande huu, mtoto upande ule. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Kwa kukosa la kusema, Agripina akaanza litania polepole, na baada ya kila jina akaacha nafasi ya "utuombee". Nafasi ikabaki tupu. Miezi mitano, tupu.

Kisha, wakati wa kuvuna maharage, akiwa amechoka hoi, alisema, "Mtakatifu Agata," akanyamaza kidogo, akasema, "Mtakatifu Agnesi."

"Lusia," ikasema sauti iliyokauka.

Agripina hakuthubutu kugeuka. Ni kweli, alikuwa amemruka. "Mtakatifu Lusia," akasema.

"Utuombee."

Wakamaliza yote, hadi mtakatifu wa mwisho. Domisiana akaachia nguzo mwenyewe, akatembea kuelekea nyumbani, na mama yake akamfuata, akiwaza kuku gani atachinja. Mlangoni mtoto akasimama, akatazama juu.

"Fimbo haipo."

"Niliichoma, mwanangu. Haipo tena."

Domisiana akakunja uso vile alivyoukunja kinu kiliposogezwa. Akaenda kwenye mibuni, akavunja kijiti, akaking'oa majani moja moja. Akapanda juu ya kinu, akakichomeka kwenye nyasi za paa, pale pale.

"Hapo," akasema. Akashuka, akasimama mbele ya mama yake, miguu pamoja, akangoja.

Agripina akakaa chini mlangoni, akalia kilio cha msiba. Domisiana aliendelea kungoja.

Mara mbili baadaye Agripina alijaribu kukiondoa kijiti kile, na mara zote mbili mtoto alinyamaza kutwa nzima mpaka kikarudishwa. Basi akakiacha. Mtoto alisema tena, si sana, lakini alisema. Nyumba ile ina mlango mfupi, na kila akiingia Agripina huinama chini ya fimbo. Mchelea mwana kulia hulia yeye, wanasema. Agripina hakuchelea.