Bei ya Kwenye Simu

Nakumbuka Haydom, mwanangu, na kila nikiikumbuka nakasirika upya, maana wa kukasirikiwa ni mimi mwenyewe.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, simu ya intaneti nimeinunua juzi, najiona nimeshamaliza dunia. Baba alitakiwa hospitali ya Haydom asubuhi ya kesho yake, apasuliwe nyonga. Kabla hatujatoka kwetu Dirma nikaingia kwenye tovuti ya vyumba vya bei nafuu, nikaona gesti yenye punguzo, nikalipa hapohapo. Ndani ya basi Baba alikuwa akiguna kila tairi likiingia shimoni, na mimi nawatangazia abiria punguzo langu.

Tulifika saa tisa mchana. Baba hakuweza kwenda hatua kumi bila kushikwa, nikamketisha juu ya begi nje ya geti, nikaingia peke yangu. Mapokezi alikaa mwenye gesti, mama wa umri wa bibi yangu. Bei iliyoandikwa ukutani ilikuwa kubwa kuliko ya kwenye simu yangu. Damu ikanichemka. Shikamoo sikutoa, nikamwonyesha simu.

“Mbona mnaibia watu? Huku bei hii, huku ile!”

“Karibu, binti. Keti kwanza tuulizane habari. Mmetoka wapi?”

“Sikuja kuulizwa habari. Nipe chumba nilicholipia, na siongezi hata shilingi!”

Akanipa ufunguo wa ghorofani. Nyuma yangu alisimama mfanyabiashara wa vitunguu saumu. Yeye alimwamkia, akapewa chumba cha chini, cha mwisho kilichobaki, akaweka mizigo yake, akafunga mlango na kwenda zake sokoni na ufunguo.

Nikarudi getini kumchukua Baba. Yule mama alipotuona tunaingia, alisimama.

“Binti, mbona hukusema una mgonjwa? Mgonjwa namlaza chini, tena bei yake ni ndogo kuliko hiyo ya simu. Hao wa tovuti wana chao wanachokata. Ukija mwenyewe na mgonjwa, hicho sikutozi.”

Akampigia mfanyabiashara simu, haikupokelewa. Akapiga tena na tena. Baba hakuweza kukaa kwenye benchi wala kusimama. Nilitamani ardhi inimeze. Mwishowe Baba akasema, “Twende juu.”

Akakalia ngazi ya kwanza, akaipa mgongo ghorofa, akaanza kujisukuma kwa mikono, ngazi moja moja. Mimi nilimshika kwapani, yule mama alimbeba mguu. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni, lakini hakulia. Tulipofika juu Baba alipumzika, ndipo akaniambia kwa sauti ndogo, “Binti yangu, ungemwamkia tu.”

Alipona, akatembea, akaishi miaka mingi. Habari ile hakuigusa tena. Afadhali angenichapa.

Sikukatazi kutafuta bei kwenye simu, mwanangu, hata mimi natafuta. Lakini ile bei haijui unasafiri na nani. Piga simu gestini kwanza, mwamkie mwenye gesti, mweleze hali ya mtu wako, uliza chumba kiko juu au chini, ndipo ulipe. Na ukikuta bei mbili, uliza sababu kwa adabu kabla hujapandisha sauti.

Mungu akujalie wazazi wako wazeekee mikononi mwako, na macho yako yasimwone hata mmoja wao akipanda ngazi kwa makalio kwa sababu ya ubishi wako.