Mto Uliojaa Kila Jumatatu

Wewe unayenisikiliza, sogeza kiti karibu. Safari ninayokusimulia ilikuwa fupi, siku sita tu, kutoka Kachibora hadi Misikhu na kurudi, na nitakwenda polepole ili tusiachane njiani. Mto wenyewe sitautaja jina. Ni mdogo, unateremka kutoka milima ya Cherangany, na watu wa juu na wa chini waliniomba nisiwaanike.

Niliondoka kwa sababu ya simu. Ilikuwa mwezi wa Machi, miaka ile simu za mkononi zilipokuwa zimeanza kuzoeleka vijijini. Nekesa, rafiki yangu tangu chuo cha ualimu, alipiga kutoka Misikhu alikoolewa, wala hakunisalimia.

"Wambui, huyo ndugu yako anamwaga nini kwa maji?"

Akanieleza kwamba samaki wa mto wao wamekwisha, kwamba wazee wamekaa kikao, na kwamba Jumamosi wanaume watapanda na majembe hadi Kachibora kubomoa kizuizi cha Kariuki. Kariuki ni mdogo wangu. Kizuizi ni ukuta mfupi wa mawe wenye mbao zinazochomolewa, unaoinua maji ili pampu iyapeleke kwenye nyanya na kabeji. Nilijua kikibomolewa Kariuki hatakaa kimya, na watoto wake wangekuwa uani wakitazama.

Jumatano asubuhi, kabla sijaondoka, nilipita kwa Kariuki bila kubisha hodi. Nilizunguka nyuma ya stoo. Nikakuta mikebe mitupu ya dawa ya nyanya imerundikwa kama vyombo baada ya harusi.

"Unatafuta nini huko, dada?" aliniuliza akiwa mlangoni.

"Hii mikebe unaioshea wapi?"

"Sioshei popote. Nachimba shimo, nafukia. Kwani wewe umekuwa polisi?"

Nilimtazama usoni kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyenakili hesabu za jirani. Sikuona kitu, na hilo likanitia wasiwasi zaidi. Niliondoka bila kuaga vizuri.

Saa sita mchana nilikuwa nimepita Kitale na kushuka Misikhu. Kwa Nekesa watu walinipokea kwa adabu, lakini kila mmoja alikaa mbali kidogo na mwenzake, na wote mbali na mimi. Baba mkwe wake, Mzee Wafula, ndiye aliyeongoza kikao cha wazee. Tangu ujana wake huweka migono mtoni, yale matundu marefu ya fito ambayo samaki huingia asipate kutoka. Migono yake mitatu ilikuwa imetundikwa ukutani, mikavu, buibui wamejenga ndani.

Alinijazia gilasi maji.

"Kunywa, mwalimu. Imechotwa mtoni. Si ni ya kwenu?"

Nilishika gilasi. Ndipo nikaikumbuka ile mikebe, mkono ukasita. Ulikuwa muda mfupi sana, lakini mzee alikuwa ananingojea hapo hapo.

"Mumeona? Dada yake mwenyewe anaogopa! Lakini sisi tunaambiwa tunywe."

Nilikunywa yote. Ilikuwa kazi bure, kwa sababu jibu alikuwa ameshalipata.

Jioni tuliteremka mtoni, mzee mbele, mimi nyuma. Hapa naomba uwe nami karibu, maana ndipo nilipoanza kushuku kwamba sote tunamshuku mtu kwa kosa lisilo lake. Kandoni, mawe yalikuwa makavu yenye ukungu wa kijani uliokauka ukabanduka kama rangi mbovu. Niligeuza moja, chini yake hapakuwa na kiumbe. Nikavua viatu, nikaingia katikati ambako maji hayakauki, nikageuza jingine. Hapo palijaa wadudu wadogo wa majini, wanakimbia huku na huku, na wengine wamejijengea vijumba vya changarawe.

"Mzee, hawa ndio chakula cha samaki. Kama ni sumu, ingewaachaje hawa wa katikati, iue wa kando peke yao?"

"Labda sumu yenu inapenda kando," alijibu, na hakuwa anatania. Kisha akaongeza, "Sasa nikuonyeshe kitu."

Akanipeleka kwenye nyasi za ukingoni, hatua tatu hivi kutoka kwenye maji. Kwenye mashina ya nyasi palikuwa na chembe nyingi zilizokauka, rangi ya mtama.

"Mayai ya kambare. Kambare si mjinga. Hatagi mpaka maji ipande. Maji ikipanda anajua mvua imekuja, anaingia kwa nyasi, mahali samaki kubwa haiwezi kufikia watoto. Mvua ya kweli inakaa. Hii ya sasa inapanda, inamdanganya, halafu inatoroka. Mvua gani hiyo, bana?"

"Inapanda siku gani?"

Aliinua mabega. "Ikipenda."

Alhamisi asubuhi nilimsindikiza Nekesa kufua. Yeye hufulia juu ya jiwe moja bapa, analojua kila kona yake. Nilishangaa, kwa kuwa tangu chuoni Nekesa alikuwa mtu wa kufua Jumatatu.

"Siku hizi Jumatatu haiwezekani," alisema. "Jiwe linazama. Jumatatu mchana maji inalifunika kabisa, Jumanne inaanza kushuka, Jumatano kuna matope. Ikifika Alhamisi jiwe ni safi."

"Kila wiki?"

"Kila wiki tangu kiangazi kianze. Sisi wanawake tumezoea."

"Na Mzee Wafula umemwambia?"

Aliniangalia kana kwamba nimemuuliza kama hula kwenye sahani moja na mkwe wake. Kwao mke wa mtoto hakai kupiga soga na baba mkwe. Hampi mkono, wala hapiti karibu naye bila sababu. Ujumbe hupita kwa mtu wa tatu.

"Nitamwambiaje mambo ya kufua nguo? Na yeye hajawahi kuniuliza."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mzee alijua samaki wanachofanya, Nekesa alijua siku, na kati yao palikuwa na heshima ambayo hakuna aliyethubutu kuivuka. Niliketi kwenye nyasi nikahesabu nyuma. Maji yakifika Misikhu Jumatatu mchana, kule juu yameachiliwa Jumapili. Na Jumapili kule kwetu, rafiki yangu, najua vizuri sana nini hutokea.

Ijumaa nikawa yule mtu wa tatu. Nilimweleza mzee habari ya jiwe mbele ya wenzake wawili. Mmoja alicheka: "Sasa kesi ya mto inaamuliwa na sabuni?" Mzee hakucheka. Alisema wanaume wangojee wiki moja, na kwamba yeye ataenda nami juu kuona kwa macho yake. Kwaheri aliyompa mkewe ilikuwa fupi: "Nikichelewa, muje na majembe."

Jumamosi alasiri tulifika Kachibora. Kariuki alimsalimia mgeni kwa mikono miwili, kisha akanivuta kando ya zizi.

"Umeniletea nani? Amekuja kuhesabu pampu zangu?"

"Amekuja kuona Jumapili yako."

"Jumapili yangu ina nini?"

Jumapili alfajiri mzee aliona mwenyewe. Kabla ya kuvaa suti, Kariuki alizima pampu, akachomoa mbao zote za kizuizi kwa mkupuo mmoja. Maji yaliyokuwa yamesimama juma zima yakateremka kwa kishindo. Juu yake jirani alifanya vivyo hivyo, na mwingine juu ya huyo. Ni desturi iliyoanza na watu wa kanisa lao: siku ya Bwana hakuna kumwagilia, hata maji yapumzike. Hakuna aliyeiona kuwa na ubaya, hata mimi niliyeinua macho kutoka kwenye Biblia nikiusikia mto ukinguruma miezi yote ile.

Mzee Wafula alisimama ukingoni, kofia mkononi.

"Kumbe ni ibada ndiyo inamalizia sisi samaki!"

"Mzee, usiseme hivyo," Kariuki alikasirika. "Mimi namwaga maji safi. Unadhani ni dawa?" Akainama, akachota kwa viganja, akanywa, akachota tena akampa mzee. Mzee aliyatazama yale maji, akanitazama mimi, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akanywa.

Lakini usifikiri mambo yaliishia hapo. Jumatatu asubuhi Kariuki alirudisha mbao zote kwa pamoja, na mzee akamshika mkono, akamwambia avae gambuti watembee chini ya kizuizi. Tulienda mwendo wa nusu saa. Mto ulikuwa ukishuka tukiutazama. Kwenye vidimbwi vilivyobaki kati ya mawe, vitoto vya samaki vilikuwa vinapumua juu juu, na kwenye dimbwi moja lililoachwa na kwato za ng'ombe viluwiluwi vilikuwa vimesongamana kama maharagwe chunguni. Baada ya siku chache vidimbwi vile vingekuwa vya mbu tu. Kariuki alichuchumaa, akaanza kuokota samaki mmoja mmoja na kuwarudisha kwenye maji mengi. Alifanya hivyo muda mrefu.

"Wengi hivi?" aliuliza mwishowe.

"Hii ni karibu na kwako," mzee akasema. "Fikiria mpaka kwangu."

Mtu anaweza kudhani samaki anahitaji maji tu. Anahitaji maji yanayosema kweli. Yakipanda, yapande kwa mvua na yakae. Yakishuka, yashuke polepole, ili aliye kwenye nyasi apate nafasi ya kutoka, na wadudu wa kando wasogee na maji. Mto hubadilika mwaka mzima na viumbe vyake vimezoea mabadiliko hayo. Havikuzoea mafuriko ya siku moja yanayoanza na kengele ya kanisa.

Walibishana hadi chai ya saa nne. Kariuki aliogopa nyanya zake kukauka, mzee aliogopa kuondoka na maneno matupu. Mwishoni Kariuki alikata ubao wa chini, akaacha pengo la upana wa kiganja ambalo halitazibwa siku yoyote, na Jumapili akaahidi kuzima pampu bila kugusa mbao. Majirani wanne walikubali. Wa tano alisema yeye hapangiwi na watu wa chini wa Bungoma, na hadi leo sijui usiku anafanya nini na mbao zake. Mzee naye hakuahidi amani. Alisema, "Nitaangalia jiwe la huyo mama," akapanda gari akaenda.

Wiki ya tatu ya Aprili, mvua ikiwa imeshika, Nekesa alipiga tena. Safari hii alinisalimia. Mzee alikuwa ameteremsha migono miwili kutoka ukutani, ule wa tatu ameuacha, eti bado anatuangalia. Na kila Jumatatu mchana humtuma mjukuu kwa mama yake na swali moja: jiwe liko juu au chini?

Kariuki sikuwa nimemwomba radhi kwa ile mikebe. Nilimpigia jioni hiyo hiyo.

Nawe, kama mto wenu umeanza tabia usiyoielewa, usianze na jina la mtu. Kata fito ndefu iliyonyooka, ichonge alama kila upana wa kidole, uichomeke ukingoni. Iangalie kila siku saa ile ile kwa wiki nne, uandike siku na alama maji yalipofika. Halafu nenda kawaulize wanaofua.