Makofi ya Ildefonsa

Afisa biashara alipokuja Bukiriro na kutangaza kwamba wasio raia sasa wamekatazwa kununua mazao shambani, Ildefonsa alipiga makofi kuliko wote. Aliwafikiria matajiri wa mbali wenye malori, wale wanaowalalia wakulima. Nyandwi hakumjia akilini hata kidogo. Nyandwi alitoka Burundi, ng'ambo tu ya mpaka, na kila msimu alinunua maharage ya Ildefonsa. Lakini lugha zao zilisikilizana, na tangu mume wa Ildefonsa afariki, ni yeye pekee aliyekaa kunywa naye pombe ya ndizi, chungu kimoja, mirija miwili. Mtu kama huyo nani angemwita wa nje?

Msimu huu Nyandwi hakuja. Alikuja Ansbert wa Ngara mjini, raia halali, mwenye bei nzuri. Alipima, akalipa, akakaribishwa pombe.

"Nina haraka, bibi."

"Haya, nenda na haraka zako!"

Vumbi la pikapu lilipotulia, Ildefonsa aliketi mbele ya chungu, akanywa kwa mrija wake. Kisha akanywa kidogo kwa ule wa Nyandwi, usije ukaziba.