Sufuria la Baba na Chama cha Kuzikana

Ukitaka kunirudisha utotoni, buruza sufuria kubwa la msibani juu ya sakafu ya saruji. Mkwaruzo ule unaoingia kwenye meno, kisha harufu ya ukoko wa wali ulioungua kidogo kwa moto wa magogo, vinanitosha. Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Katoro kwenye mazishi ya jirani, wakaliburuza moja mbele yangu, na mara moja nikawa darasa la sita, nina mzigo wa kuni kichwani, nauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa na muda nalo.

Nilikuwa mtoto wa maswali. Bibi, mama yake Baba, alizoea kuniambia, “Kabula ng’wanawane, mwanangu, wewe utauliza hata maji yamelowa kwa nini.” Sijapona. Chuo kikuu kimenipa maswali marefu zaidi, ila majibu ni yale yale mafupi.

Tuliishi pembeni mwa mji, upande wa barabara ya kwenda Ushirombo. Baba alikuwa na karasha, ile mashine ya kuponda mawe ya dhahabu. Wachimbaji walileta mawe yao kwenye viroba, injini ya dizeli ikaunguruma tangu asubuhi, na vumbi jeupe likatua kwenye majani ya mihogo, kwenye nguo kambani na juu ya ugali. Tulikula mawe bila kulalamika. Ndiyo yaliyonunua unga.

Mtaa wetu ulikuwa na chama cha kuzikana, na kila kaya ilikuwa ndani yake. Ukifiwa, wanaume wanachimba kaburi, wanawake wanapika, watoto wanabeba kuni na maji, na mtaa mzima unazima chochote chenye kelele mpaka marehemu alazwe. Chama kilikuwa na turubai, mabenchi, majembe na masufuria. Lile kubwa kuliko yote alilileta Baba mwenyewe, mwaka karasha lilipoanza kuchanganya na fedha kuingia. Mtoto angeweza kuoga ndani yake. Najua, kwa sababu nilioga.

Mwaka huo redio ikaja na habari ya Uingereza. Walikuwa wamepiga kura na wanataka kutoka kwenye umoja wa nchi za Ulaya. Pale karashani redio ilining’inia kwenye msumari, na kila injini ilipozimwa ipoe, watu walikaa juu ya viroba wakaichambua habari ile kama vile wana mashamba huko. Masunga, msimamizi wa Baba, ndiye alikuwa msemaji mkuu.

“Talaka ya Wazungu ina vikao vingi kuliko mahari ya Msukuma,” alisema. “Na sisi angalau ng’ombe wanaonekana.”

“Lakini nani kamwacha nani?” mwingine akauliza.

“Hawajui. Ndiyo maana wanakaa vikao.”

Asiyecheka alikuwa Mzee Karimu, mwenye duka la vipuri, aliyekuwa akituuzia mikanda ya mashine. Dada yake aliolewa huko huko Uingereza. “Nyie chekeni,” alisema akikunja mkanda. “Dada yangu kila akipiga simu ananiuliza, kaka, sisi sasa tuko upande gani?” Walitikisa vichwa kwa adabu, kisha Masunga akaanza tena.

Bibi alikuwa na lake. Alikuwa mtu mzima wakati Waingereza wanaondoka hapa kwetu, na yaliyosemwa na “ledio” hayakumwingia akilini. “Hapa walishusha bendera siku moja, wakaenda,” alisema. “Kumbe kutoka kwao ndiko kunakowashinda?”

Baba peke yake alisikiliza kwa namna nyingine. Ulikuwa mwaka wa misiba mingi. Tulizima karasha kwa ajili ya mzee mmoja, na kabla vumbi halijatulia tukazima tena kwa ajili ya mama aliyefariki akijifungua. Kila tulipozima, wachimbaji walipakia viroba vyao kwenye pikipiki wakaenda kupondea mtaa mwingine, na wengine hawakurudi. Wakati huohuo mwenye baa hakuzima muziki, aliupunguza tu, na hakuna aliyemsema kwa sababu alikuwa mkarimu wa soda kwa viongozi. Nayasema haya kwa sababu watu hupenda kusimulia habari ya Baba kama kisa cha mtu aliyelewa fedha. Sababu zake zilikuwa za kweli. Nimezipima tena nikiwa mkubwa, na bado ni za kweli.

Kwenye mkutano wa chama alisimama. Nilikuwa pale, nimekaa miguuni kwa Bibi.

“Wazungu wanatoka kwa wenzao,” alisema, “na mimi nimechoka. Kaya yangu inatoka.”

Mwenyekiti alikuwa Mama Kulwa, muuza dagaa, mama wa mapacha, mwanamke mwenye sauti isiyopanda wala kushuka. “Baba Kabula,” alisema, “kidole kimoja hakivunji chawa.”

“Mimi sina chawa.”

Watu walicheka mpaka mabenchi yakalia. Hata Mama Kulwa alitabasamu. “Haya. Kutoka ni ruhusa, hatuna komeo. Ila ujue, aliyetoka tunampa pole. Mikono hatumpi.”

“Nimeelewa. Na sufuria langu nalitaka.”

Hapo kicheko kikaisha. Mama Kulwa akajibu kwamba sufuria liko msibani, matanga yakiisha atalipata. Na hapo ndipo Baba alipokwama, kwa sababu kwetu chombo kilichokwisha kuingia kwenye msiba hakiondolewi mpaka matanga yaishe. Ukikiondoa, ni kama umemwambia mfiwa afute machozi haraka. Baba angeweza kutoka kwenye chama, ila hakuthubutu kuivunja mila hiyo. Akasubiri. Kabla matanga yale hayajaisha, akafariki mtu nyumba ya jirani, na sufuria likabebwa kutoka moto hadi moto. Baba aliulizia, akaambiwa liko kwa fulani. Aliulizia tena, limehamia kwa fulani mwingine.

Redio nayo ikawa hivyo hivyo. Leo wanatoka, kesho wameahirisha, keshokutwa wamegombana juu ya watakavyoahirisha. Mzaha ulimchosha hata Masunga. Habari ikianza, mtu alinyoosha mkono akatafuta muziki.

Na sisi tuliishi katikati, mahali pasipo na jina. Mama alikwenda misibani akakaa pembeni mwa jiko, hapewi kisu wala hafukuzwi. Watu walimsalimia vizuri kupita kiasi, kama mgeni. Baba aliendelea kuponda mawe siku za msiba, lakini alipunguza injini, na akawa anatazama barabarani kila anapoiwasha. Nilimuuliza kwa nini anapunguza kama ametoka. Akaniambia nikalete maji.

Bibi hakutoka. “Aliyesimama ni mwanangu,” alisema. “Mimi nilikuwa nimekaa.” Kila msiba alinifunga kuni kichwani nizipeleke, na kila mara Mama Kulwa alizipokea akisema, “Mwambie Bibi tumeziona.” Bibi alikuwa na haja moja tu iliyobaki duniani. Babu alikuwa amelala nyuma ya nyumba yetu, na watu wa chama ndio waliomchimbia. “Mikono iliyomlaza babu yako ndiyo nataka inilaze na mimi, kandokando yake,” aliniambia, bila huzuni, kama mtu anayeagiza chumvi. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Nilimpelekea Baba maneno hayo. Akasema, “Bibi yako bado yupo yupo.”

Hatimaye ikapita nafasi ndogo bila msiba, na sufuria likaja. Wanawake wawili walilileta, wakaliweka mlangoni, wakaondoka. Lilikuwa limesuguliwa kwa mchanga na majivu mpaka linang’aa, halina hata alama ya moshi. Baba alilitazama muda mrefu. Halikuingia jikoni kwetu. Likakaa uani, na kuku mmoja akaliona linafaa kutagia.

Bibi alifariki asubuhi moja nikisubiri matokeo ya darasa la saba. Mama alipiga yowe, na mtaa ukasikia. Watu walikuja wakatoa pole, wakakaa kidogo, wakarudi kusimama ng’ambo ya barabara. Hakuna aliyeshika jembe. Lakini mashine zote za mtaa zilinyamaza. Hata ile baa.

Baba akasema hakuna neno, watu wa kuchimba anao. Akawaita vijana waliokuwa wakileta mawe karashani, wachimbaji wa duara, yaani shimo la dhahabu, wenye mikono kama nyundo. Akawaonyesha mahali, kandokando ya Babu, akaondoka kufuata jeneza kwa fundi. Vijana wale walikuwa wameishi machimboni tangu wadogo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuchimba kaburi. Walichimba walichokijua.

Baba aliporudi, shimo lilikuwa refu kuliko mtu, limenyooka, kuta zake laini, mdomo wake mraba kama wa kisima. Walikuwa wameshaanza kupanga magogo ya kuzuia udongo. Kiongozi wao alitoka akiwa mweupe kwa vumbi, anajivuna.

“Mzee, humu hata masika hayamfikii.”

“Sasa jeneza litalalaje?” Baba akauliza.

Kijana akatazama jeneza, akatazama shimo. “Tukifika chini tunaingia ubavuni. Kama tunavyofuata mwamba.”

Katekista alikuwa ameshafika, amekumbatia kitabu. Jua lilikuwa limesimama utosini. Nami, kwa kuwa nilikuwa mimi, nikauliza kwa sauti, “Bibi atasimama?”

Hakuna aliyenikemea. Baba alikaa juu ya udongo uliochimbwa, akiwa na suruali yake safi, akashika kichwa.

Mama Kulwa akavuka barabara. Alikuja mpaka ukingoni, akachungulia shimo lile, kisha akanitazama mimi, hakumtazama Baba. “Mume wake tulimlaza,” alisema. “Na yeye atalala.” Akainua mkono, na wanaume wa chama wakaja na majembe yao na ufito wao wa kupimia kaburi. Walifukia nusu ya duara, wakapanua upande wa kichwa na upande wa miguu, wakimwaga jasho bila kuimba na bila kupiga soga. Vijana wa machimbo walibeba udongo kama watoto walioadhibiwa. Bibi alilazwa kandokando ya mume wake, na mikono aliyoitaka.

Mama alikuwa amepika wali kwenye sufuria kubwa. Kuku alikuwa amefukuzwa, mayai yametolewa, na kwa mara ya kwanza sufuria lile lilipikia nyumbani kwetu. Kwa desturi waliochimba hunawa, wakaketi, wakala, ndipo wanaaga. Mama aliwapelekea beseni. Walinawa.

“Karibuni chakula,” Mama akasema.

“Tumeshiba, Mama Kabula,” akajibu Mama Kulwa.

Wakavuka barabara wakaenda zao. Walikuwa hawajaweka kitu mdomoni tangu yowe la asubuhi.

Nilifurahi, nakiri. Nilidhani kweli wameshiba, na wali wote ule ulikuwa wetu. Baba hakula. Baadaye niliona amekwangua ukoko, anautafuna peke yake karibu na kaburi. Msiba uliofuata alilisugua sufuria yeye mwenyewe kwa mchanga na majivu, akalibeba kichwani mpaka nyumba ya mfiwa, akaliweka mlangoni, akarudi kusimama ng’ambo ya barabara. Hakuna aliyemshukuru wala aliyelirudisha. Halijawahi kurudi.

Waingereza nao wakatoka. Nilikuwa kidato cha tatu. Redio ilisema, na Mama akauliza kutoka jikoni, “Wametoka?” Baba akasema, “Wametoka.” Mama akasema, “Haya.” Mazungumzo yakaishia hapo.

Kwa miaka mingi nilidhani watu wa chama walikataa wali wetu kwa kiburi. Chuoni niliwahi hata kukitaja chama chetu kwenye mjadala kama mfano wa jamii inavyomwadhibu anayefikiri tofauti, nikapigiwa makofi. Sikuona kwamba siku ile walikuwa wakitunza ahadi mbili kwa wakati mmoja. Walichimba kwa sababu Bibi hakutoka. Hawakula kwa sababu Baba alitoka. Waliliheshimu neno lake kuliko alivyoliheshimu yeye mwenyewe, na sijui kama kuna adhabu nzito kuliko kupewa ulichokiomba kama ulivyokiomba.

Mwezi uliopita sufuria lililoburuzwa mbele yangu lilikuwa lile lile. Sikio lake moja limeunganishwa kwa waya sasa. Baba alikuwa amesimama mahali pake ng’ambo ya barabara, mvi zimemjaa, karasha amelizima tangu alfajiri. Mama Kulwa, ambaye siku hizi anatembelea fimbo, alimpungia.

“Baba Kabula! Njoo ule.”

“Nimeshiba, Mama Kulwa.”

Alimtazama kidogo. Kisha akainama kwa taabu, akakwangua ukoko kwa upawa, akauweka kwenye mfuniko, akavuka barabara nao taratibu, pikipiki zikimkwepa.

“Huu si chakula,” akamwambia. “Ukoko hauhesabiki. Shika.”

Baba akashika. Nilikuwa karibu nao, na nilikuwa na swali: je, sisi tumo, au tulishatoka? Nimelibeba tangu darasa la sita. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Baba alikuwa anatafuna.