Bangili za zamani zinapoishia kwenye mkaa wa Nyanda

Mkaa umeshika sawasawa, lakini Nyanda Salu bado anaigeuzageuza bangili mkononi. Nje ya kibanda chake, Somanda mjini Bariadi, bodaboda zinapigiana honi. Yeye hana habari nazo.

"Hebu ona maua haya," anasema. "Hakuna mawili yanayolingana, mtu aliyachonga kwa mkono. Na huku ndani pamelainika kwa ngozi ya mvaaji. Mimi hivi siwezi. Naweza kuyeyusha tu."

Nyanda (61) ni sonara, na riziki yake ni kuharibu vitu anavyovipenda kuliko vyote. Watu wa Maswa na Malampaka humletea mapambo ya fedha ya zamani ili ayageuze kuwa pete za harusi. Mwaka mvua ikikataa, yanakuja mengi zaidi.

Bangili ya leo ni ya Milembe, mkulima wa pamba, aliyeketi kwenye kigoda pembeni. Mama mkwe wake, Sayi, aliinunua enzi hizo kwa pesa ya pamba. Kwa desturi ilikuwa iende kwa mjukuu aliyerithi jina lake. Sayi huyo mdogo, binti wa Milembe, anaolewa Jumamosi, na bangili haitaki.

"Anasema ni mambo ya mizimu, kanisani watamshangaa," anasema Milembe. "Anataka pete. Sasa mimi pete nitoe wapi, na pamba yenyewe imekauka shambani?"

Kabla ya kuyeyusha, Nyanda ana kawaida yake. Anabamiza udongo mbichi uwe kibao, kisha anaiviringisha bangili juu yake hadi maua yote yabaki pale. Rafu nzima ukutani imejaa vibao hivyo, vingine vimeshapasuka.

"Ngoja, baba," Milembe anamzuia. Anaichukua bangili na kujaribu kuivaa. Inakwama kwenye vifundo vya vidole. Anasukuma tena, wapi.

"Mikono ya jembe hii," anasema akicheka kidogo. Kisha machozi yanamtoka. "Haya, weka."

Nyanda anaiweka motoni. Maua yanalegea, yanazama, linabaki tone linalong'aa. Jamani, inauma kutazama, hata kwa mwandishi aliyekuja na kalamu yake tu.

Wakati wa kuondoka Milembe anaomba kile kibao. Nyanda anakifunga kwenye gazeti kuukuu.

"Polepole nacho, mayu," anasema, yaani mama kwa Kisukuma. "Bado kibichi."

Tukibaki wawili, fundi anafungua kikopo cha majani ya chai. Ndani mna vipande vidogo vya fedha alivyonunua kidogo kidogo kwa ujira wake. Macho yakimruhusu, anataka atengeneze bangili moja kwa kufuata vibao vyake, ampe mjukuu wake.

"Haitafanana na zile," anasema. "Na najua naye anaweza kuipeleka kwa fundi, ikayeyushwa. Sawa tu. Ila kwanza awe ameivaa."